Siku Tulipoulizwa Habari za Samaki

Mume wangu alivunjwa taya asubuhi, kwenye mkondo wa maji unaoingia mbuga ya Bahi, na aliyemvunja alikuwa mfugaji ambaye siku zote tulimpa samaki naye akatupa maziwa. Nilikuwa nimesimama majini mpaka magotini, tenga mkononi. Nilisikia mlio wa rungu kabla sijaona lilipotua. Mume wangu hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye maji kama mtu aliyechoka, akashika kidevu kwa mikono miwili, damu ikamtiririka katikati ya vidole.

Wafugaji walikuwa wengi, wamekuja na mikuki na marungu kuvunja uzio wetu. Uzio ule wa matete tulikuwa tumeupitisha kutoka ukingo hadi ukingo, tukaacha matundu machache ya kutegea migono, ile mitego ya fito inayomwacha samaki aingie na kumzuia asitoke. Waliung'oa kwa mikono, wakaukanyaga, wakaikatakata migono kwa mashoka. Mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, alikuwa ng'ambo ya mkondo. Alipomwona kaka yake amekaa kwenye maji mekundu, alichomoa mkuki uliokuwa umechomekwa ukingoni akamrukia mtu wa kwanza aliyemfikia. Mtu huyo siye aliyempiga kaka yake. Alikuwa ameinama, anang'oa tete. Mkuki ulimwingia chini ya mbavu. Akaushika mpini kwa mikono yake mwenyewe, akanitazama mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa mbele yake, akafungua kinywa kama anayetaka kuniuliza kitu. Kisha akaanguka kifudifudi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza habari ya kuulizwa maoni.

Mimi si mzaliwa wa mbugani. Baba yangu alifika nchi hii na misafara ya pembe za ndovu, akabaki Kilimatinde akiuza nguo na chumvi, nami nikazaliwa na kukulia hapo, Kiswahili kikiwa lugha ya nyumbani na Kigogo lugha ya kuchezea nje. Nilipoolewa Bahi, shangazi zangu walinililia kama wanaonizika. Lakini nilipapenda. Masika yakiwa mazuri maji yanaifunika mbuga mpaka jicho linachoka kuyafuata, na ndani yake kambare na perege tele. Kiangazi kikikaza, maji yanarudi kwenye mabwawa machache. Ng'ombe wanakunywa humo, na sisi tunavua humo humo. Watu waligombana, hata ngumi zilirushwa, lakini jioni walisalimiana.

Kisha reli ya Mdachi ikakaribia. Kambi za wajenzi zilijaa watu wa kila kabila, na wote walitaka kula. Mchuuzi mmoja wa pwani alikuja na nyavu ndefu pamoja na ruhusa ya akida, na akida ndiye aliyekuwa mkono wa serikali kwetu. Mchuuzi huyo alichukua kila samaki mkavu tuliyeweza kumtoa, akamkimbiza kambini. Ghafla kila mtu akawa mvuvi. Waliokuwa hawana wavu wala mtego walikata matawi ya mnyaa, wakayaponda, wakayatupa kwenye mabwawa, maana utomvu wake mweupe unamlevya samaki mpaka anaelea tumbo juu. Ng'ombe walikunywa maji hayo. Ndama wakaharisha, wakafa. Uzio wetu nao ulikuwa umeupunguza mkondo, na mabwawa ya chini yakabaki tope. Wafugaji hawakukosea kukasirika. Lakini taya lilikuwa la mume wangu.

Askari walikuja pamoja na akida. Tulijua kwa mbwa kuwa wamefika: walibweka wote kwa pamoja, kisha bunduki zikaanza kulia, na wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Hawakuuliza nani kafanya nini. Walianza na vichanja vyetu vya kukaushia samaki, wakavitia moto na samaki wakiwa juu yake. Mama mkwe wangu alikimbilia kichanja kimoja ili aokoe alichoweza, askari akampiga teke la kifua. Nilimwona akirudi nyuma, miguu ikitafuta ardhi, mpaka mgongo ukagonga ukuta wa tembe. Shemeji yangu walimtoa ndani ya ghala la uwele alimojificha. Walimpiga kwa vitako vya bunduki hadi jicho lake likapotea ndani ya uvimbe, wakamvika mnyororo shingoni. Baadaye siku hiyo hiyo tuliona moshi mwingine upande wa wafugaji. Mazizi yao nayo yalikuwa yanaungua.

Ndipo akida akatukusanya, majivu yakiwa bado yanatuangukia kichwani.

"Bwana Shauri amechoka na vita yenu ya samaki," alisema. Bwana Shauri alikuwa Mdachi mkuu wa bomani, mwenye kuhukumu na kuamuru. "Atakuja mwenyewe. Anataka kusikia kila mtu anayetumia maji haya. Wavuvi wa mitego, wanawake wa matenga, wafugaji, na mwenye nyavu. Kila kundi litoe msemaji. Mtaulizwa, mtajibu, kisha atatoa amri."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Nadhani ilikuwa hofu tu iliyomponyoka. Askari alipita katikati yetu taratibu, akamfikia, akampiga kofi la mdomo lililomwangusha.

Wavuvi wangemchagua mume wangu, maana ndiye aliyeongoza ujenzi wa uzio. Lakini alikuwa amefungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, uji akiunyonya kwa tete. Walipokuja kumwuliza, alininyooshea mimi kidole.

"Mwanamke asimame mbele ya Mdachi?" mama mkwe alisema. Alikuwa amelala ubavu, bado anakohoa kwa lile teke. "Watasema mwanangu hana ulimi."

"Mama, ulimi anao ila taya hana," nilimjibu. "Na hapa nani mwingine anajua Kiswahili? Akida ndiye atakayetafsiri maneno ya watu wote. Unamwamini akida?"

Alijiinua kwa kiwiko. Kisha akasema, "Basi ukienda, waambie jambo hili. Mvua ya kwanza ikishuka, kambare wanapanda mkondo na mayai tumboni. Sisi wanawake ndio tunaowapasua, sisi ndio tunaoyaona mayai. Wakiachwa wapande, mwaka unaofuata kuna samaki. Nyanya zangu walikuwa wanangoja. Sasa hakuna anayengoja."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Sikutaka kwenda kusema la kichwa changu mwenyewe. Wanaume wa migono walitaka uzio urudi pale pale, hata kama ni kwa damu. Wanawake wengi walikubaliana na mama mkwe kuhusu mayai, lakini mmoja alinifukuza, akasema mvua ya kwanza ndiyo wakati ghala lake linapokuwa tupu, kwa hiyo nimwambie Mdachi aje kuwalisha watoto wake kambare wakipanda. Wale wa mnyaa walikana kuwa waliwahi kushika mnyaa, huku mikono yao ikiwa na malengelenge ya utomvu.

Nikaenda na kwa wafugaji. Mume wangu alinishika nguo kunizuia, nikaitoa mikono yake. Niliona kama nitasimama kuyasemea maji yale, lazima nisikie kinachosemwa na waliofiwa kwa ajili yake.

Mjane wa yule aliyechomwa mkuki alikuwa anatwanga nje ya tembe yake, kichwa kimenyolewa.

"Mbukwa," nilimsalimu kwa salamu ya kwao.

Hakuitikia. Aliniangalia akanitambua, akauinua mchi kutoka kwenye kinu na kunipiga nao begani. Nilianguka. Alinipiga tena kwenye nyonga, na tena kwenye mkono niliouinua. Wanawake wenzake walitoka wakasimama tu, hakuna aliyemshika. Sikujitetea, na sikuwa hata na nguvu za kujitetea. Alipochoka aliuacha mchi uanguke, akakaa mavumbini mbele yangu akihema.

"Umefuata nini?" aliuliza.

"Bwana Shauri atatuuliza habari za maji. Nimekuja nijue wewe unataka nini."

"Nataka shemeji yako afe."

"Na maji?"

Alinitazama kama aliyesikia upumbavu. Kisha, kwa kuwa ng'ombe bado walikuwa wake na kiu bado ilikuwa yao, akasema, "Mabwawa ya chini yawe ya ng'ombe. Mtu asitie mguu humo, asitie mtego, asitie mnyaa. Ya juu vueni mpaka mchoke. Sasa ondoka kabla sijapumzika."

Niliondoka nikichechemea. Mkono ule mpaka leo siwezi kuuinua juu ya sikio.

Siku ya shauri tulikusanyika penye uwanda mkavu karibu na mkondo. Bwana Shauri alikuja amepanda nyumbu, na askari wamemtangulia. Aliwekewa kiti na turubai la kivuli. Alikuwa mtu mwembamba mwenye uso uliobabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kila neno limekatwa kama kwa kisu. Kigogo hakujua. Akida alisimama kuliani kwake ili kutafsiri. Wafugaji waliketi upande mmoja, sisi upande wa pili, na katikati askari na viboko vyao vya ngozi ya kiboko mwenyewe, vimepakwa mafuta.

"Nimekuja kusikiliza," Bwana Shauri alisema. "Nataka ukweli kutoka kwa kila kundi. Kambi za reli zinahitaji samaki. Ng'ombe wanahitaji maji. Watu wasiuane. Nani anaanza?"

Alianza mwenye nyavu. Alisema kwa adabu nyingi kwamba wenyeji ni wavivu na waharibifu, na kwamba angepewa mbuga yote aisimamie, kambi zisingelala njaa. Bwana Shauri alimsikiliza mpaka mwisho.

Akafuata msemaji wa wafugaji. Huyu alikuwa kaka wa marehemu, na ndiye huyo huyo aliyemvunja mume wangu taya. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alisema vizuri, kwa Kigogo cha wazi, bila kutukana. Alisema mabwawa ya chini yatengwe kwa mifugo. Wavuvi waruhusiwe kujenga uzio, ila waache upenyo mpana katikati ili maji yashuke. Mnyaa upigwe marufuku. Na mwenye nyavu aende zake, maana kabla yake hawakuwahi kuzika mtu kwa sababu ya samaki.

Akida akageuka kwa Bwana Shauri. "Anasema, bwana mkubwa, wavuvi wa hapa wafukuzwe wote. Maji apewe mwenye nyavu ayalinde, na wao wafugaji watamtii."

Nilisimama kabla sijafikiri. "Hakusema hivyo!"

Kilikuwa Kiswahili, na Bwana Shauri alikielewa. Akageuza shingo. Akida alinifikia kwa hatua ndefu akanipiga fimbo ya uso. Nilihisi mdomo ukipasuka, meno yakijaa ladha ya chuma. Mfugaji yule, msemaji, hakuelewa Kiswahili, lakini alielewa kwamba maneno yake yamegeuzwa. Akainuka akipiga kelele, "Amesema nini? Huyu mbwa amesema nini kwa kinywa changu?" Watu wa pande zote wakasimama. Askari wakaingia kwa vitako vya bunduki, wakapiga wafugaji, wakatupiga na sisi bila kubagua. Karibu yangu mzee mmoja alipigwa mgongoni akaangukia mkono wake, nami nikasikia mfupa. Bunduki ikalia hewani. Tukakaa.

"Wewe mwanamke," Bwana Shauri alisema. Hakupandisha sauti. "Amesema nini?"

Nilifuta damu, nikamtafsiria neno kwa neno. Nilimwambia habari ya mabwawa ya chini, ya upenyo, ya mnyaa, na ya mwenye nyavu. Kisha, kwa kuwa alikuwa ananisikiliza na nilijua nafasi ile haitarudi, nikaongeza yetu. Nilisema wavuvi wanataka uzio, na wanaweza kukubali upenyo. Nilisema wanawake wanaomba mvua ya kwanza isivuliwe, kambare wapande wakatage, lakini wapo wanaosema wakati huo ndio wa njaa na hawana kingine. Nilisema hatuwezi kukubaliana siku moja, atupe muda tukae wenyewe.

Alitikisa kichwa kukubali. Kweli alikubali. Nakumbuka nilivyofurahi, huku damu inanidondokea kifuani.

"Umesema vizuri," alisema. "Lakini umesimama bila ruhusa, umemwaibisha akida wa serikali mbele ya watu. Na yule, akida ananiambia, amemtukana. Bila heshima hakuna serikali." Akamwangalia askari mkubwa. "Mfugaji, hamsa ishirini. Wanawake sheria yetu haiwachapi. Mume wake yuko wapi?"

Mume wangu alisimama mwenyewe, uso umefungwa kitambaa.

"Bwana mkubwa, ni mgonjwa," nilisema. "Taya limevunjika. Bwana mkubwa, tazama, hawezi hata kula."

"Taya halitaguswa," alisema.

Waliwalaza kwenye vumbi, mume wangu na yule aliyemvunja taya, bega kwa bega, na askari wamewakalia miguu na mikono. Hamsa ishirini ndilo jina tulilolipa adhabu ile, viboko ishirini na vitano, na kila mtu alijua maana yake. Kiboko kilipotua mara ya kwanza mfugaji alinguruma. Mume wangu hakuweza kunguruma, kwa sababu kunguruma kunafungua taya. Sauti iliyomtoka ilipitia puani, nyembamba kama ya mtoto mchanga, na kila pigo lilipokuja kichwa chake kiliruka na kidevu kikagonga ardhi. Kitambaa kikawa chekundu. Nilitaka kukimbia kwake, mama mkwe akanikumbatia kiunoni kwa nguvu sijui alizitoa wapi, akaniambia sikioni, "Usiinuke. Ukiinuka watamwongezea. Usiinuke, mwanangu." Ngozi ya mgongo ilianza kwa kuvimba mistari, kisha mistari ikafunguka. Vipande vilirukia viatu vya askari. Wakati fulani mfugaji aligeuza uso, wakatazamana na mume wangu karibu karibu, pua kwa pua. Sijui kila mmoja aliona nini. Mume wangu hakuniambia kamwe.

Walipomaliza, Bwana Shauri aliuliza kama kuna mwingine mwenye neno. Ndipo mjane akasimama, na akaomba mimi nimtafsirie, si akida.

"Mwambie sitaki yule kijana anyongwe," alisema. "Mtu aliyenyongwa halipi. Sheria ya kwetu, aliyeua hutoa ng'ombe, watoto wa marehemu wakanywa maziwa. Mkimnyonga, wanangu watakunywa nini?"

Nilimtazama. Hakunitazama. Nilitafsiri.

"Hilo si shauri la leo," Bwana Shauri alijibu. Akatoa amri zake. Mabwawa ya chini yawe ya mifugo. Uzio uwe na upenyo. Atakayetia mnyaa atafungwa mnyororo. Mvua ya kwanza mtu yeyote asivue mpaka ruhusa itoke bomani, na mlinzi atawekwa mkondoni. Mwenye nyavu aendelee, kwa kuwa kambi lazima zile. Mtu asiyejua angesema tulisikilizwa. Karibu kila tulichokisema kilikuwa ndani ya amri zile, na muda tulioomba haukuwemo.

Shemeji yangu alinyongwa bomani. Habari ilikuja kwa mpita njia, hata maiti hatukupewa. Mama mkwe alijifungia tembeni. Alipotoka alikuwa amezeeka, na akaacha kabisa kutaja jina la mwanawe huyo, akawa anasema tu "yule wa pili."

Mvua ya mwaka ule ilichelewa. Uwele uliisha, tukala mlenda mtupu, tukachemsha ngozi. Ilipokuja hatimaye, mkondo ulijaa na kambare wakaanza kupanda, migongo yao myeusi ikionekana juu ya maji. Mlinzi alikuwa pale. Alikuwa kijana wa akida, amepewa kiboko na kofia. Mama mkwe wangu alichukua tenga akashuka majini. Yeye ndiye aliyenituma nikaseme mvua ya kwanza isivuliwe. Nilimkumbusha. Akasema, "Nilisema hivyo tumbo likiwa na kitu."

Kijana yule alimwambia atoke. Hakutoka. Wanawake labda hawakuchapwa na sheria ya bomani, lakini boma lilikuwa mbali. Alimchapa usoni kwa kiboko. Ncha yake ikamwingia jichoni. Mama mkwe aliweka viganja usoni akapiga ukelele niliousikia nikiwa kwenye kilima cha pili, nikakimbia.

Nilipofika, wanawake walikuwa wameshamzunguka kijana. Walitoka upande wetu na upande wa wafugaji, kwa maana wote walikuwa wanateka maji. Mmoja alimnyang'anya kiboko. Wengine walimpiga kwa matenga, kwa mitungi, kwa mawe ya mkondoni. Mjane alikuwa katikati yao, na ndiye aliyemkamata nywele na kumsukuma uso matopeni, akamkalia mgongo. Miguu ya kijana ilirusha maji. Nami nilimkanyaga ule mkono aliokuwa ameshikia kiboko. Nilisikia vidole vikivunjika chini ya kisigino changu, na sikuondoa kisigino. Nasema nilivyofanya. Sijawahi kuona haya kwa hilo.

Ilikuwa mama mkwe mwenyewe, damu inamtoka katikati ya vidole, aliyesema, "Mwacheni. Atakufa, nao watachoma nyumba zilizobaki."

Mjane aliinuka. Kijana aligeuka akitapika tope, akatambaa, akakimbia. Tulikaa tukingoja askari. Tulihamisha watoto, tukaficha nafaka kidogo iliyobaki. Askari hawakuja. Baadaye tulisikia kijana alimwambia akida kwamba alianguka kwenye majabali. Aibu ya kupigwa na wanawake ilimzidi maumivu. Hakurudi mkondoni, na akida, ambaye sasa alikuwa anasumbuliwa na mambo mengine ya kutafuta watu wa reli, hakuweka mwingine.

Basi mkondo ukabaki bila mlinzi, kambare wakiwa wanapanda, na sisi na njaa zetu. Tulikaa pale pale kwenye ukingo, wanawake wa pande zote mbili, tukabishana. Hatukubishana kwa upole. Yule aliyenifukuza nyumbani kwake alimtupia mwenzake tope. Wawili walishikana nguo wakaangushana. Mwishoni tulikubaliana kwamba nyumba yenye mtoto mdogo au mgonjwa itoe mtu mmoja kila asubuhi na tenga moja, achukue kambare madume tu, wanaoyajua wakiwaonyesha wenzao, na majike yenye mayai yaachwe yapite. Wanaume waliambiwa wasilete mtego wowote mpaka maji yatulie. Walinung'unika, wakatii, labda kwa sababu walikuwa wamesikia yaliyompata mlinzi.

Jicho la mama mkwe halikupona. Mume wangu taya lake liliunga upande. Maneno yalimtoka yamekunjwa, mimi na binti yetu tu ndio tuliomwelewa vizuri. Mgongo wake ulikuwa na makovu ambayo siku za baridi yalikaza mpaka akashindwa kuinama. Hakunilaumu kwa kusimama siku ile. Nilimwuliza mara moja, usiku haujaingia bado, tunachochea moto.

"Ungenyamaza," alisema kwa ule mdomo wake, "angelaumiwa nani?"

"Yule mfugaji tu."

"Kwa maneno asiyoyasema," alisema, akaendelea kuchochea moto.

Reli iliposonga mbele kuelekea magharibi, mwenye nyavu alizifuata kambi, akaondoka bila kuaga. Samaki walirudi kidogo kidogo, mwaka wa mvua nzuri wakawa wengi, mwaka wa ukame wakakosekana. Mjane alirithiwa na shemeji yake, yule mwenye mgongo kama wa mume wangu. Mimi na mjane hatukuwa marafiki. Tulipokutana kisimani tulisalimiana, na kama nimebeba mtungi mkubwa alinisaidia kuutua, kwa sababu alijua mkono wangu haupandi. Kiangazi kilichofuata mume wake alikuja mpaka kwetu, akasimama mbali kidogo na tembe, akamwita mume wangu. Wakaenda mkondoni wote wawili. Niliwafuata kwa mbali, shoka begani, sikujua kitakachotokea. Yule mfugaji aliingia majini akapima kwa mkuki wake mahali ambapo upenyo ukiachwa, maji yanashuka hadi kwa ng'ombe bila kubomoa matete. Mume wangu aliingia akasimama alipoonyeshwa. Nikalishusha shoka, nikaanza kukata tete.